Mkalimani Mdogo wa Bulyaga

Faili lenyewe ninalo mpaka leo. Limepita kwenye flashi nne na kompyuta tatu, na mara moja liliponea chupuchupu nilipofomati diski bila kufikiri. Jina lake ni WinHugs, toleo la Septemba 2006, na ukubwa wake ni megabaiti kumi na kitu, yaani pungufu ya video moja ya sendoff mnazotumiana WhatsApp. Nililipakua mwaka 2007 nikiwa Bulyaga, Tukuyu, na kazi hiyo ilinichukua siku tatu.

Mwaka jana mpwa wangu anayeishi palepale Bulyaga alinipigia simu akauliza, "Mjomba, hivi wewe ulianzaje haya mambo ya programu?" Nikamjibu kwa sentensi mbili, nikaenda kulala. Usingizi haukuja, maana jibu langu lilikuwa la uongo. Nilimwambia nilianza kwa juhudi. Ukweli ni kwamba nilianza kwa sababu kitu nilichokitaka kilikuwa kidogo. Udogo huo una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo niliijua miaka mingi baadaye.

Kwa asiyepajua, Bulyaga ni kata ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg. Kuna migomba, kuna chai, na kuna mvua. Hasa mvua. Mgeni wa Dodoma akikaa wiki mbili anaanza kuuliza kama jua limehamia wilaya nyingine. (Watu wa mpira watapakumbuka kwa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania mwaka 1986, lakini hiyo ni makala ya mtu mwingine.)

Mwaka 2007 nilikuwa nimemaliza Kidato cha Sita, nasubiri chuo. Nilikaa kwa baba mdogo na mama mdogo, na mchana nilikuwa nalinda steshenari ya jirani: fotokopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kuchapa mitihani ya shule za msingi. Kulikuwa na kompyuta moja ya mtumba yenye Windows XP, ambayo ikiwashwa asubuhi unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ikiwa bado inafikiria. Intaneti hatukuwa nayo. Intaneti ilikuwa kule juu, kwenye kafe karibu na stendi.

Rafiki yangu aliyekuwa ametangulia chuo Dar alinitumia bahasha kwa basi. Ndani mlikuwa na fotokopi za kurasa kama themanini za kitabu, bila jalada. Baadaye sana nilikuja kujua kuwa ni kitabu cha Simon Thompson kuhusu Haskell, kile cha toleo la 1999. Rafiki aliandika juu kwa kalamu: "Hii utaipenda, ni hesabu tupu." Ukurasa wa kwanza nilioushika ulikuwa na kitu nilichokifahamu. Kila aliyesoma sekondari Tanzania anakumbuka mada mbili zinazofungua Kidato cha Tatu kwenye Hisabati, mahusiano na fankisheni. Ile f ya x. Unaiingizia 3, inakutolea 7, na kesho ukiiingizia 3 itakutolea 7 tena, haina kisirani. Kumbe kuna lugha za kompyuta ambamo programu nzima ni hiyo tu. Huamuru mashine "fanya hiki, halafu badilisha kile". Unasema kitu fulani ni nini, kwa kutumia vitu vingine ambavyo navyo umeshasema ni nini.

Kitabu kilitaka msomaji awe na Hugs. Hugs, kilisema, ni mkalimani. Hapo nilielewa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ukalimani ni kitu tulichokulia. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo kanisani kwetu neno limekuwa likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Nilipokuwa mdogo, akija mchungaji mgeni anahubiri kwa Kiswahili, anasimama mzee pembeni yake anageuza kwa Kinyakyusa, sentensi kwa sentensi. Mchungaji akikosea, kosa linaonekana palepale, maana mzee ananyamaza, anamwangalia, na kanisa zima linacheka kwa siri. Mfasiri ni mtu tofauti. Mfasiri anachukua kitabu kizima, anajifungia chumbani, na siku moja anatoka na kitabu kingine. Kwenye kompyuta ni vilevile. Kuna programu zinazokwenda kufasiri kazi yako yote kwanza ndipo itumike, na kuna hizi zinazosimama pembeni yako, unasema mstari, zinajibu mstari. Mtu anayejifunza peke yake, bila mwalimu, anamhitaji huyu wa pili.

Ukalimani wa aina hii ulizaliwa kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1958 John McCarthy, pale MIT, alikuwa anabuni lugha aliyoiita Lisp, akitegemea nadharia ya Alonzo Church ya miaka ya 1930. Katika maandishi yake McCarthy aliweka fankisheni moja inayoweza kukokotoa fankisheni nyingine yoyote ya Lisp, akiitazama kama hoja ya kinadharia ya karatasini. Kijana mmoja, Steve Russell, akaitazama akasema, mbona hii naweza kuiandika kwa mkono kwenye mashine ya IBM 704? McCarthy akamwambia anachanganya nadharia na vitendo. Russell akaiandika. Ikafanya kazi. Huyo ndiye mkalimani wa kwanza wa Lisp: ukurasa wa hesabu ambao mtu alikataa kuuacha kwenye karatasi.

Sasa njoo huku kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha, aina ya ICT 1500. Lisp ilikuwa na umri wa miaka saba. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, baada ya mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye mashine kwenda mrama na kuitia hasara. Taasisi iliyokuwa na hoja nzito iliweza kuomba kibali, lakini kwa mtu wa kawaida mlango ulikuwa umefungwa, kama wa televisheni, ambayo Bara tulikuja kuipata 1994 wakati Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Watu wa fani yangu hupenda kuicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Mwaka 1974 bei ya mafuta ilikuwa imepanda, fedha za kigeni hazipo, na mashine zenyewe ziliendeshwa na wataalamu wa kuazima. Mwenye nyumba akiona jiko jipya linamla yeye badala ya kupika, atalizima. Kinachoniuma ni muda. Kamba ilianza kulegea miaka ya 1980 na soko likaja kufunguka kweli miaka ya 1990. Mwaka mmoja tu baada ya marufuku, 1975, Sussman na Steele walitoa Scheme, Lisp iliyopunguzwa mpaka ikabaki mifupa mizuri. Edinburgh walikuwa na ML. Lugha hizi za f ya x zilikua na kukomaa kipindi kilekile ambacho huku kwetu neno kompyuta lilikuwa jina la kosa la Hazina.

Baba mdogo aliliona hilo kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya serikali Dar es Salaam. Hakuwahi kuigusa mashine, aliandaa makaratasi ya kwenda kutobolewa kadi. "Ile mashine," aliniambia jioni ya kwanza aliponiona na zile fotokopi, "ilikuwa inakula kadi na kutema lawama." Lawama moja ilimwangukia yeye, akahamishwa. Alistaafu na imani mbili: kwamba hesabu ni penseli, na kwamba mtu akikuonyesha karatasi ndefu yenye namba zilizopigwa chapa nzuri, shika mfuko wako.

Lakini nilikuwa nasema kuhusu udogo. Lugha niliyoitaka, Haskell, ilizaliwa kutokana na ukuta. Katikati ya miaka ya 1980 lugha iliyopendwa zaidi katika familia hii ilikuwa Miranda ya David Turner, iliyotoka 1985. Ilikuwa safi, ila ilikuwa bidhaa ya kampuni, na leseni. Wanazuoni walipokutana Portland, Oregon, mwaka 1987, wakakubaliana kuwa wanahitaji lugha moja ya pamoja ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuitengenezea mkalimani wake. Walifikiria kuanzia kwenye Miranda, Turner hakukubali, wakaanza yao. Ripoti ya kwanza ya Haskell ilitoka 1990. (Turner, kwa haki yake, aliifungua Miranda kwa wote mwaka 2020, miaka mitatu kabla ya kufariki.)

Katika miaka hiyohiyo Oxford kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Mark Jones. Chuoni walitumia lugha nyingine ya ukoo huo, nayo ilikuwa na masharti yake ya leseni na mashine zake kubwa. Jones alitaka kitu cha kuendesha kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kompyuta yake mwenyewe ilikuwa ya aina ya 8086 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 640. Kilobaiti, msomaji, si megabaiti. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Akaandika mkalimani wake mdogo akamwita Gofer. Gofer akazaa Hugs, iliyotoka 1995 na kulelewa Nottingham na Yale, na Hugs ndiyo iliyosambaa kwenye madarasa ya dunia kwa miaka kumi na zaidi. Nilipoisoma habari hii nilikaa kimya dakika nzima. Kile kitu kilipenya kwenye waya mwembamba wa Tukuyu kwa sababu miaka kumi na minane nyuma mwanafunzi wa Oxford alikuwa na kompyuta dhaifu.

Waya wenyewe ulikuwa hivi. Kebo ya SEACOM ilikuja kufika Dar es Salaam Julai 2009, kwa hiyo 2007 tulikuwa tunanyonya setilaiti. Kafe ilikuwa na kompyuta sita zinagawana mrija mmoja. Shilingi mia tano nusu saa. Faili lilikuwa linaingia kwa kilobaiti tatu kwa sekunde siku likiwa na furaha, hivyo nilihesabu saa moja na nusu hivi, hela nikawa nayo kamili.

Siku ya kwanza lilifika zaidi ya nusu, radi ikapiga Rungwe, umeme ukaenda. Lilipoanza tena lilianzia sifuri. Siku ya pili lilifika asilimia tisini na kitu, na hapo jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri barua pepe yake ifunguke akasimama akapiga kelele: "Jamani kuna mtu anavuta! Nani anavuta?" Mwenye kafe akapita kompyuta moja moja akitazama vioo, akaniona, akazima. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ndiye nasubiri barua ile ningefanya vilevile. Kabla sijaondoka akaniambia taratibu, "Dogo, njoo kesho saa moja asubuhi kabla sijafungua." Siku ya tatu tulikuwa wawili tu mle ndani, yeye anapiga deki, mimi natazama kile kimstari cha bluu kama mtu anayetazama maziwa yasifurike. Likaisha. Hakunitoza.

Nikashuka Bulyaga kwenye matope nimeshika flashi mfukoni kwa mkono, kana kwamba ingeruka. Nilipoichomeka steshenari, kila folda ikawa na pacha wake: virusi wa Brontok, aliyekuwa anatembea Afrika Mashariki nzima miaka ile. Nilikaa mpaka jioni nikisafisha. Faili la Hugs lilikuwa salama.

Kusakinisha kwenyewe kulichukua dakika mbili, jambo ambalo baada ya siku tatu lilinikera kidogo. Bofya, bofya, maliza. Likafunguka dirisha jeupe, juu lina neno Hugs lililochorwa kwa vistari na alama za kibodi, na chini yake kishale kinasubiri. Nikaandika 2 + 3. Ikajibu 5. Nikaandika sum [1..100]. Ikajibu 5050. Nikaandika take 5 [1..], yaani nipe namba tano za mwanzo katika orodha isiyo na mwisho, nikijua hapa nimeikomesha. Ikajibu [1,2,3,4,5] bila jasho. Haikuhangaika na orodha nzima. Ilichota kile tu nilichoomba, kama mama anayepakua sahani moja bila kumwaga sufuria.

Halafu nikakwama siku nne. Niliandika fankisheni yangu ya kwanza palepale kwenye kishale, ikagoma, ikisema haikutegemea alama ya =. Nikabadilisha majina, nikabadilisha nafasi, wapi. Siku ya tatu nikasoma tena fotokopi nikaona sentensi niliyoiruka: kwenye Hugs, maelezo ya fankisheni yanakaa kwenye faili, kwenye kishale unauliza tu maswali. Sawa. Nikaandika faili kwa Notepad. Hugs ikasema hailioni faili. Naliona kwa macho yangu, yeye halioni! Ilikuwa siku ya nne nilipogundua Notepad imelibandika mkia wa txt kimyakimya, na Windows imeuficha. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza kutoka Tukuyu mpaka Mbeya, au kama alikuwepo sikumjua. Kilichoniokoa ni yule mkalimani kunijibu kila nilipokosea, papo hapo, hata kama jibu lake lilikuwa la ukali.

Mwezi uliofuata kikaja kitabu cha mama mdogo.

Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanachama ishirini na sita, wanakutana Jumamosi. Siku ya kufunga hesabu, kitabu kilisema kiasi fulani na sanduku likasema pungufu: shilingi 18,000 hazipo. Kwa bei za mwaka ule hazikuwa hela za kuchezea. Hakuna aliyemwita mwizi. Watu wa kwetu hawasemi hivyo. Walisema tu, "Mama, labda ukaangalie vizuri nyumbani," na kila mtu mle ndani alielewa maana yake. Alirudi, akapika, hakula.

Baba mdogo alichukua kitabu, akakitazama kwa dakika moja, akasema, "Elfu kumi na nane inagawanyika kwa tisa. Kuna tarakimu mbili zimebadilishana viti." Ni kanuni ya makarani wa zamani: ukiandika 86 badala ya 68, au 41 badala ya 14, tofauti haikosi kugawanyika kwa tisa. Sikuwahi kufundishwa hilo shuleni. Niliduwaa. Lakini kanuni ya tisa inaleta shaka tu, haithibitishi, maana hata mwizi anaweza kuchukua elfu kumi na nane kamili. Na alipoipeleka hoja kwa viongozi wa kikundi, mmoja akajibu kwa upole kabisa, "Baba, wewe si ndiye mume wake?"

Ndipo mama mdogo mwenyewe akasema, si yule mtoto ana ile mashine, mashine haina ndugu. Alikosea kidogo, kwa sababu anayeiandikia alikuwa ndugu. Wanakikundi waliliona hilo haraka kuliko mimi. Wakakubali kwa sharti kwamba katibu asome michango kwa sauti kutoka kitabuni, mimi niandike, na watu wawili wasimame nyuma yangu.

Wakaja wanne steshenari, na mvua nje. Katibu akasoma michango sitini na tatu. Nikaiweka kwenye orodha moja ndani ya faili, nikaongeza mstari mmoja:

jumla = scanl1 (+) michango

Hii scanl1 haikupi jumla ya mwisho peke yake. Inakupa jumla inavyokua, hatua kwa hatua. Ukiwa na [5000,2500,4000] inakupa [5000,7500,11500]. Ni safu ileile ya tatu ambayo mweka hazina huijaza kwa mkono. Mtu atasema kikokotoo kingeweza, na ni kweli kingeweza, kwa kubonyeza na kunakili mara sitini na tatu, na mtu wa nyuma yako akikuuliza "rudia pale kwa mama fulani" unaanza upya. Hapa orodha ilikaa kwenye kioo, imetulia, na kila namba ilionekana imetoka wapi.

Umeme ulikatika tukiwa tumeanza kulinganisha. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa gizani kama robo saa, akina mama wanaongea bei ya ndizi kana kwamba hakuna kingine duniani. Uliporudi, faili lilikuwepo, nilikuwa nimelihifadhi. Katibu akasoma safu ya kitabu, mimi nikasoma kioo. Ukurasa wa kwanza, sawa. Ukurasa wa pili mpaka mstari wa mwisho, sawa: laki moja sitini na nane na mia tano kwake, 168500 kwangu. Akafunua ukurasa wa tatu, kwenye mstari wa "imeletwa mbele", akasoma, "Laki moja themanini na sita na..." akanyamaza. Akarudi nyuma. Akafunua tena. 168,500 imeletwa mbele kama 186,500. Kuanzia hapo kila jumla ilikuwa imebeba elfu kumi na nane ambazo hazijawahi kuwepo.

Baba mdogo hakuwepo. Nilipomweleza jioni alisema, "Si nilisema," akarudi kwenye redio. Na alikuwa na haki ya kusema. Aliliona kosa kwa penseli na dakika moja. Mkalimani wangu aliongeza jambo moja tu: mahali lilipo, mbele ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kumwamini mume.

Kikundi kilikuja kuomba radhi kwa mkungu wa ndizi. Mama mdogo aliupokea, akawashukuru, na wiki iliyofuata akarudisha ufunguo wa sanduku. Hakuwahi kuushika tena, mpaka leo.

Mimi nilikwenda chuo, nikakuta maabara zenye programu kubwa na waya mnene zaidi, Hugs nikaiacha kwenye flashi. Dunia nayo iliiacha. Toleo lile la Septemba 2006 ndilo lilikuwa la mwisho. Waliobaki wakahamia GHC, ambayo ina nguvu kweli, naitumia, sina ugomvi nayo. Mwaka 2019 kulikuwa na darasa la Haskell Addis Ababa, la wanawake watupu kutoka Ethiopia na Uganda, na niliposoma habari hiyo nilifurahi kuliko nilivyofurahia mpira wowote mwaka ule. Lakini darasa lina jengo, lina waya na lina mwalimu. Ninayemfikiria mimi ni mtu mmoja aliyekaa steshenari.

Kwa sababu hiki ndicho kilichomkuta mpwa wangu. Ana laptop ya mtumba na bando la simu. Alifuata maelekezo ya kusakinisha Haskell ya siku hizi, na kitu kile kikishafunguka na vikorombwezo vyake kinakula gigabaiti kadhaa. Bando la wiki lilikwisha kabla ya usakinishaji kufika katikati. Akanunua jingine. Likakatika tena. "Mjomba," akaniambia, "nadhani hii si ya watu wa huku." Marufuku ya 1974 angalau iliandikwa, ungeweza kuisoma na kubishana nayo. Hii haikuandikwa na mtu. Ni watu wa miji yenye waya mnene wanaongeza kitu kidogo kila mwaka, wala hawana ubaya na mtu.

Nikamtumia lile faili langu, kama dokyumenti. Dakika moja likawa limefika Bulyaga. Nilicheka peke yangu.

Sitaki kudanganya tena, kwa hiyo niseme na upande wake wa pili: ni mlango mdogo wa kuingilia chumba cha zamani. Masomo anayoyafuata mtandaoni yaliandikwa kwa Haskell ya leo. Somo la pili lilikuwa na alama ambayo Hugs haikuitambua mpaka nikamwonyesha mstari wa kuongeza juu ya faili. Somo la tano lilitaka maktaba ya Data.Text, ambayo Hugs haijawahi kuisikia, na hapo hakukuwa na dawa. Lennart Augustsson, yuleyule aliyeandika moja ya programu za kwanza kabisa za kufasiri Haskell, siku hizi anatengeneza Haskell ndogo inayoitwa MicroHs, kwa mbinu ambazo Turner alizitumia miaka ya 1970. Nimeiweka kwenye kompyuta yangu. Nikiielewa vizuri nitampelekea, bila kumwahidi chochote kwa sasa.

Wiki mbili zilizopita alinitumia picha ya kioo chake. Dirisha jeupe lilelile, na orodha ya namba saba, na chini yake orodha nyingine. "Hizi ni lita za maziwa za bibi wiki hii," aliandika. Bibi ni mama mdogo. "Amesema nisimwonyeshe mtu, lakini wewe si mtu. Nataka ione ni siku gani ng'ombe alipunguza, na kwa kiasi gani. Naandikaje?"

Nilikuwa nimeanza kuandika jibu, refu, lenye utangulizi. Kabla sijamaliza akatuma lake:

zipWith (-) (tail lita) lita

"Alhamisi," akaandika. "Lita mbili. Bibi anasema siku hiyo mvua ilimzuia kwenda kukata majani."